Mwindo: shujaa wa Kivu aliyeadhibiwa na Radi

Jioni huku Kasha, utakuta vijana wanne au watano wameinamia telefone moja, wanaangalia seri ya mapanga, majoka na uchawi. Shujaa wao mara anaokoa watu, mara anaharibu kila kitu kwa kiburi chake. Wazazi wengi wanasema ni mambo ya wazungu. Lakini Kivu yetu ina shujaa wa namna hiyo tangu zamani: Mwindo wa Wanyanga, wale wa Walikale.

Mwaka 1956 mzee mmoja aitwaye Candi Rureke alisimulia habari yake yote. Ilichukua siku 12. Aliimba, alicheza, aliigiza, na kila siku aliacha pale sauti ilipomwishia. Kumbe hiyo pia ni seri! Walioandika ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mwenyewe Munyanga. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza. Wakati wa Rureke, Walikale ilikuwa bado katika jimbo moja na sisi, makao yake makuu hapa Bukavu.

Hadithi inaanza na baba mbaya. Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikuwa na bibi saba, akawakataza wote kuzaa mtoto mwanaume. Alitaka wasichana tu, juu ya mahari. Mwindo akazaliwa anatembea na kusema, na usinga wake mkononi. Baba akamrushia mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Shangazi yake Iyangura akamtoa katika ngoma.

Hapo ndipo tabia ya Mwindo inaonekana. Anajisifu bila kupumzika: yeye ndiye aliyezaliwa akitembea, nani atamshinda? Anamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, kwa wafu. Huko anacheza mchezo wa kubahatisha na Sheburungu, anapoteza mali yake, na hata mali ya shangazi, ambayo hakuombwa kuigusa. Amebaki na usinga tu. Anauweka nao, na bahati inageuka. (Kila mtaa wa Bukavu una kijana anayecheza hivyo, ila yeye hana usinga.)

Anamkamata baba, na hamuui. Wanarudi Tubondo, Shemwindo anakubali makosa yake mbele ya watu, na nchi inagawanywa kati ya baba, mtoto na shangazi. Filimu nyingi zingeishia hapo.

Rureke aliendelea. Siku moja Mwindo, sasa ni mwami, ana hamu ya nyama ya nguruwe wa pori. Anatuma Wambilikimo kuwinda. Wanakutana na Kirimu, joka la vichwa saba, ambalo linameza baadhi yao. Mwindo analiua na kuamuru lichomwe. Ni ushindi, sivyo? Lakini Kirimu alikuwa amekula kiapo cha damu na Nkuba, yaani Radi. Jina hilo Bashi wote wanalijua, na hapa kwetu radi si kitu cha kuchekea. Nkuba ndiye aliyemsaidia Mwindo kuipiga Tubondo zamani. Harufu ya rafiki yake inamfikia, anashuka na kumpandisha Mwindo juu.

Mwaka mzima shujaa wetu anateswa huko. Baridi, njaa, Mvua inampiga, Mwezi unamchoma nywele. Hakuna anayejali kwamba alizaliwa akitembea. Anaruhusiwa kurudi kwa sharti moja: asiue tena mnyama yeyote, wa pori wala wa kijiji.

Mimi sehemu hii ndiyo ninayoipenda. Mwindo haadhibiwi kwa woga wala kwa kushindwa. Anaadhibiwa kwa kazi ambayo watu wake waliishangilia. Na ni baada ya adhabu hiyo, si baada ya vita, ndipo anakusanya watu na kuwapa sheria za kuishi pamoja.

Rureke hakuwa msimulizi pekee. Hadithi nyingine za Mwindo ziliandikwa pia, na haziendi njia moja. Ukiwa na mzee wa Walikale jirani yako, muulize ya kwao inaanzaje. Jipange tu na muda, tena usiende mikono mitupu: wasikilizaji wa Rureke walikuwa wanampa zawadi ndogo ndogo ili aendelee.