Daraja la Kale ni la Chuma Gani?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Nasi tukiona daraja la reli limesimama kwa zaidi ya karne moja, hatuna budi kujiuliza limeundwa kwa chuma gani. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wahandisi wanavyolijibu swali hilo pale ambapo michoro na hati za ujenzi zimepotea.

Swali lenyewe si dogo. Mhandisi akikadiria nguvu kubwa kuliko iliyopo, treni nzito itaruhusiwa kupita na roho za watu zitakuwa hatarini. Akikadiria ndogo mno, daraja zima litabomolewa bure kwa fedha za umma.

Tuchukue mfano wa karibu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Reli hiyo ilikuwa ya Waingereza, lakini madaraja marefu 27 ya kuvukia mabonde kati ya Nairobi na Kisumu yalitengenezwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge. Asili hiyo ina uzito. Uingereza iliruhusu pua itumike katika madaraja mwaka 1877, kwa kikomo cha tani 6.5 kwa kila inchi ya mraba, bali kiwango chake cha kitaifa cha pua ya ujenzi kilitoka mwaka 1906. Marekani nayo ilikuwa na kanuni zake. Atakayetumia jedwali la Uingereza kwa chuma kilichotoka Marekani atapotea njia.

Kwa hiyo, fununu ya kwanza ni mwaka na nchi. Ya pili ni chapa: viwanda vingi, kama vile Carnegie na Dorman Long, vilipiga majina yao juu ya mihimili. Hata hivyo, chapa humtaja mfuaji tu, haithibitishi nguvu. Uthibitisho hupatikana kwa kukata vipande vidogo mahali pasipobeba mzigo mkubwa, kisha kuvivuta kwa mashine hadi vikatike. Kipimo cha ugumu wa uso ni rahisi zaidi, lakini hutoa makadirio tu. Aidha, kemia huchunguzwa, kwani chuma chenye kaboni, salfa au fosforasi nyingi huweza kupasuka kikichomelewa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku, neno chuma hubeba yote: cha kumimina, ambacho huvunjika ghafla, cha kufuliwa, chenye nyuzinyuzi za takataka za tanuri ndani yake, na pua. Kwa mhandisi, hivyo ni vitu vitatu tofauti. Lakini lugha yetu haikukosa maneno. Pua imo kamusini, na feleji, yaani pua bora, imo katika msemo wa kale upanga wa feleji. Isitoshe, neno daraja lina maana mbili, kivuko na cheo. Neno gredi husaidia kuepuka utata huo.

Tunapendekeza basi kwamba wanafunzi wetu wanapokusanya istilahi waanze na maneno haya yaliyomo tayari, kabla ya kukimbilia kukopa. Ripoti ya daraja inayosema chuma tu haijamwambia msomaji kama treni ipite au isipite.