Nani anasimamia barua na mawimbi ya redio?

Leo tunazungumzia barua na redio: nani anaziruhusu zipite, na kwa nini jambo hilo linakuhusu wewe uliye kambini.

Tuanze na barua. Ukiandika "Nyarusange, Burundi" juu ya bahasha, ifike wapi? Iko Nyarusange ya Gitega, na iko Nyarusange ya Muyinga. Usipotaja mkoa, barua itapotea. Tena tangu 2025 mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5, na Muyinga imeingia Buhumuza.

Mwaka 1874 nchi kadhaa zilikutana Bern, Uswisi, zikaanzisha umoja wa posta. Zilikubaliana kwamba barua iliyolipiwa stempu katika nchi moja ipokelewe na kufikishwa na nchi nyingine. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mwaka uliofuata ikajiunga na umoja huo.

Redio ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu mawimbi hayaonyeshi kitambulisho mpakani. Yakirushwa kutoka Muyinga, yanasikika hata Ngara. Nafasi za FM nazo ni chache, kuanzia 87.5 hadi 108. Vituo viwili vya jirani vikitumia namba moja, wewe utasikia mikwaruzo tu. Ndiyo maana mwaka 1984 nchi za Afrika na Ulaya zilipanga masafa ya FM pamoja mjini Geneva.

Ndani ya nchi, kazi hiyo hupewa chombo maalumu. Burundi ilianzisha ARCT mwaka 1997. Chombo hicho hugawa masafa na kusimamia kampuni za simu. Maneno yanayosemwa redioni yana msimamizi mwingine, Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC. Tanzania iliunda TCRA mwaka 2003, ikaweka posta, simu, redio na televisheni chini ya paa moja.

Kwa nini utofautishe masafa na maneno? Kituo cha RTLM cha Rwanda kilikuwa na kibali cha serikali, lakini mwaka 1994 maneno yake yalichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Kwa hiyo kuwa na masafa halali hakutoshi. Anayesema lazima awajibike.

Lakini kunyamazisha nako kuna madhara. Mwezi Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya binafsi vya Bujumbura vilishambuliwa na mitambo ikaharibiwa. Isanganiro na Rema vilirudi hewani Februari 2016. Bonesha ilisubiri ruhusa hadi Februari 2021. Wengi wenu mlivuka mpaka katika miaka hiyo. Mnajua kwamba redio ikinyamaza, uvumi hushika kipaza sauti.

Basi kituo unachokipenda kikipotea, usikimbilie kuamini la kwanza unaloambiwa. Uliza: mtambo umeharibika, kibali cha masafa kimekwisha, au ni maneno yaliyozuiwa? Kila jibu lina ofisi yake inayopaswa kueleza.

Na ukitaka kuandika nyumbani, ujumbe wa Msalaba Mwekundu haulipiwi. Karatasi yake huachwa wazi na husomwa kabla ya kupelekwa, kwa hiyo weka habari za familia tu, bila siasa wala habari za vita. Andika majina ya baba na mama, kilima, tarafa, mkoa wa zamani na mkoa mpya. Hapo atakayebeba ujumbe wako atajua ni Nyarusange ipi.

Msomee na jirani asiyejua kusoma.