Huduma ya Famasi kwa Watu wenye Ulemavu

Huduma ya famasi hufikika pale mtu mwenye ulemavu anapoweza kuingia dukani, kueleza shida yake kwa siri, kupewa dawa pamoja na maelezo anayoyaelewa, kisha kuitumia dawa hiyo nyumbani bila kukosea na bila kulazimika kumwita jirani. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Mijadala mingi huishia mlangoni, kwenye ngazi na njia za mteremko, ilhali dawa humponya mtu au kumdhuru akiwa kwake, saa 4 usiku, taa imezimwa.

Mlango nao una hesabu yake. Kanuni inayofuatwa na wajenzi wengi ni kwamba njia ya mteremko iwe na urefu usiopungua mara 12 ya kimo inachopanda. Ngazi moja ya sentimita 15 inadai mteremko wa mita 1.8, na baraza ya sentimita 45, iliyoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie dukani, inadai mita 5.4. Mita hizo mara nyingi hazipo, maana kati ya duka na barabara umepita mtaro. Matokeo yake ni vile vimteremko vifupi vya zege vilivyosimama wima, ambavyo mwenye kiti mwendo hapandi bila kusukumwa na wawili. Pasipo na nafasi, ubao imara wa kuweka na kuondoa una faida zaidi. Kumhudumia mteja nje, kando ya barabara, kuwe njia ya mwisho kabisa: hakuna anayependa kutaja dawa ya fangasi au ya kupanga uzazi mbele ya vijana wa bodaboda.

Ndani kuna dirisha. Maduka mengi ya mitaani yamewekewa nondo au wavu kwa sababu ya wezi, na kaunta imejengwa kwa kimo cha mtu aliyesimama. Kiziwi anayesoma midomo hapati kitu kupitia wavu, wala kwa mtoa dawa anayezungumza huku amegeukia rafu. Wengi hudhani karatasi na kalamu vinatosha. Havitoshi kwa kila mtu, kwa kuwa kiziwi aliyekua na lugha ya alama huijua lugha hiyo kwanza, yenye sarufi yake, na Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili. Wapo pia ambao hawakupelekwa shule kabisa. Suluhisho linalozoeleka, la kumtumia mtoto wa mgonjwa kama mkalimani, ni baya. Linamvunjia mzazi heshima, na mtoto huruka yale anayoona aibu kuyasema. Mkalimani anayepigiwa simu ya video ni bora mara nyingi, na ishara chache za mtoa dawa mwenyewe (kabla ya kula, baada ya kula, mzio, ujauzito) hufungua mazungumzo.

Kiini cha tatizo, hata hivyo, ni kibahasha. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliagiza jina la dawa liandikwe kwa nukta nundu kwenye boksi lake. Ni agizo zuri, ila linafaa pale tu mgonjwa anapoondoka na boksi. Afrika Mashariki vidonge bado huhesabiwa kutoka kwenye kopo la vidonge 1,000 na kutiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa “1×3” kwa kalamu ya wino. Au karatasi ya vidonge hukatwa kwa mkasi kulingana na fedha ya mteja, na kipande chenye jina la dawa na tarehe ya mwisho ya matumizi hubaki dukani. Asiyeona anayetumia dawa ya presha, ya kisukari na ya maumivu hufika nyumbani na bahasha tatu zilizofanana. Hata kama boksi lingekuwepo, aliyepoteza uoni ukubwani kwa kisukari au presha ya macho aghalabu hasomi nukta nundu.

Tiba ya hili ni rahisi kuliko zege. Raba bendi moja kwenye dawa ya asubuhi, mbili kwenye ya usiku, na mgonjwa mwenyewe azishike na kurudia maelezo kabla hajatoka. Sauti ya mtoa dawa irekodiwe kwenye simu yake. Mwenye uoni hafifu aandikiwe kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa, na “1×3” ifunguliwe iwe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Dawa ya unga ya mtoto ichanganywe palepale dukani, kwa sababu mzazi asiyeona hauoni mstari wa kipimo kwenye chupa. Na bomba la kupimia litiwe alama ya kuguswa kwenye kijiti chake. Picha zilizochapwa kwenye pakiti za dawa mseto ya malaria humsaidia kiziwi asiyesoma, lakini kwa asiyeona hazipo.

Ulemavu wa mikono nao hupuuzwa. Vifuniko vya kubonyeza na kuzungusha, vilivyobuniwa kuwazuia watoto, huwashinda wenye baridi yabisi. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu ya vidole, na dawa zake, ambazo Shirika la Afya Duniani huzitoa bure tangu 1995, huja katika karatasi ya kubonyeza kwa kidole.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, kifungu cha 54, inataja haki ya kutumia lugha ya alama na nukta nundu. Lakini anayeamua kila siku ni mtoa dawa. Nchini Tanzania mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulijengwa juu ya kumfundisha muuzaji huyo wa kijijini, na mafunzo ya aina hiyo ndiyo mahali pa kuingiza raba bendi, ishara na kalamu nene.

Kisha kuna rafu yenyewe. Kwa mwenye ualbino, losheni ya kuzuia jua ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, ila maduka mengi huihesabu kama kipodozi na kuipangia bei ya kipodozi. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino. Wengi wao pia wana uoni hafifu, kwa hiyo maandishi ya chupa yoyote ya losheni hiyo, na hasa idadi ya kupaka kwa siku, yanapaswa kusomeka bila miwani ya kukuzia.