Mtafiti wa Neva Aliyewatengenezea Wakimbizi Pasipoti

Kama umewahi kupanga foleni ya kitambulisho tangu saa kumi na moja alfajiri, halafu ukaambiwa urudi Jumatatu, nusu ya hii stori tayari unaielewa. Bila hako kakadi huwezi kusajili laini wala kufungua akaunti, na afande akikusimamisha usiku utajieleza mpaka ukauke koo. Sasa fikiria nchi yako yenyewe imesema haikujui.

Hapo ndipo anaingia Fridtjof Nansen wa Norway, aliyezaliwa 1861. Jamaa alianza kama mtaalamu wa wanyama pale makumbusho ya Bergen, akichungulia neva za viumbe wa baharini kwa darubini. Mwaka wa 1888 alitetea tasnifu yake ya udaktari, na siku chache baadaye akaenda kuvuka barafu ya Greenland kwa skii na wenzake watano. Makusudi kabisa alianzia upande wa mashariki ambako karibu hakukuwa na watu, ili mtu asipate hamu ya kurudi nyuma. Wazimu, lakini walifika. Mwaka wa 1895 akakaribia Ncha ya Kaskazini kuliko binadamu yeyote aliyejulikana kabla yake.

Umaarufu huo ndio uliomwingiza kwenye siasa. Norway ilipojitenga na Sweden 1905, alitumwa Copenhagen kumshawishi mwanamfalme wa Denmark awe mfalme wao, kisha akawa balozi London hadi 1908. Hapo napita haraka, maana mabalozi wazuri ni wengi.

Kazi yenyewe ilimpata akikaribia miaka 60. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia UN, lilimpa jukumu la kurudisha makwao mateka wa vita zaidi ya laki nne. Akafaulu. 1921 wakamwongezea wakimbizi wa Urusi, na mwisho wa mwaka huo huo serikali ya Lenin ikawavua uraia watu wake waliotorokea nje. Yaani malaki ya watu wakaamka siku moja hawana nchi. Bila karatasi huvuki mpaka, na pale ulipo hupati kazi.

Nansen angeweza kudai nchi ziwape uraia. Zingekataa zote, na alijua. Kwa hivyo 1922 akaomba kitu kidogo tu: cheti cha kusema huyu ni nani, ambacho serikali nyingine zitakitambua. Zaidi ya nchi 50 zilikubali. Baadaye kikabandikwa stempu yenye sura yake, na kila mtu akakiita pasipoti ya Nansen. Mchoraji Chagall alikuwa nayo, mwanamuziki Stravinsky pia.

Lakini tusimfanye malaika. Mwanzoni cheti hicho hakikukuhakikishia kwamba ukitoka utaruhusiwa kurudi nchi iliyokupa. Na ni yeye aliyesukuma mpango wa 1923 wa Ugiriki na Uturuki kubadilishana watu kwa lazima, zaidi ya milioni moja, wakigawanywa kwa dini. Alisema utazuia damu zaidi. Mimi bado sijashawishika. Mtu kuambiwa nyumbani kwako ni mahali hujawahi kukanyaga, hiyo ni suluhu ya nani?

Alipata Nobel ya Amani 1922, akafariki 1930. Jina lake liko kwenye tuzo ambayo shirika la UN la wakimbizi limekuwa likitoa tangu 1954. Mshindi wa 2023 alikuwa Abdullahi Mire, aliyekulia kambi za Dadaab, akarudi huko kuwapelekea watoto vitabu. Na Dadaab, hivi ninavyoandika, kuna vijana wa rika langu waliozaliwa kambini, wanaongea Kiswahili kuniliko, na wakitaka kuja Nairobi lazima kwanza waombe karatasi.