Kichokozi, Si Chambo Bandia

Muuzaji alinirudishia karatasi yangu kwa ncha za vidole, kama anayerudisha noti aliyoitilia shaka. "Mzee," akasema, "hapa hatuuzi vitu bandia. Kila kitu unachokiona humu ni orijino." Kwenye karatasi ile nilikuwa nimeandika vitu vinne: mshipi, ndoana, chubwi na chambo bandia. Chubwi hakuijua, lakini nilipomwonyesha kile kirisasi kinachozamisha mshipi alicheka, akasema sasa amejua jina lake. La nne ndilo lililomuudhi, na aliudhika kwa haki. Nchi iliyopitia sakata la mbolea bandia mwaka 2024 haihitaji kufafanuliwa uzito wa neno hilo. Mwenye duka Nairobi akihusishwa nalo hata mara moja, biashara yake imeharibika.

Neno lenyewe sikulibuni mimi. Nililitoa kwenye orodha ya istilahi za michezo iliyoandaliwa na kamati ambayo sitaitaja. Nilikuwa na miezi minne tangu nistaafu, baada ya miaka 34 ya kufundisha Kiswahili na kusahihisha miswada ya wengine, na nilikuwa nimeamua kujifunza kuvua besi katika Ziwa Naivasha. Niliona ni wajibu wangu kujifunza kwa lugha niliyoifundisha. Mtoto wa pwani hakosi maneno ya uvuvi: mshipi tunao, ndoana tunayo, dema, jarife na juya tunavyo. Kilichokuwa kigeni kwangu ni kile kisamaki cha mti au kimnyoo cha plastiki ambacho Waingereza hukiita lure. Nikafungua orodha ya kamati kwa imani kamili, na imani hiyo ikanifikisha kwenye kaunta ya yule bwana.

Nianze na samaki, maana jina lake nalo lina kisa. Besi ni mgeni kwetu. Kwao ni Amerika Kaskazini, na Naivasha aliletwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wapate wa kuvua kwa burudani. Namwandika besi, ingawa kwaya zetu zina besi yao ya sauti nzito. Wapo waliomwita sangara mdomo-mpana, na hao wamekosea, kwa sababu sangara ana ukoo wake na ziwa lake. Katika sayansi jenasi yake ni Micropterus, yaani pezi dogo, ilhali besi hana pezi dogo hata kidogo. Mfaransa Lacépède aliyempa jina hilo mwaka 1802 alikuwa na samaki mmoja aliyekufa, mwenye pezi la mgongoni lililoraruka, na kile kipande kilichobaki nyuma akakidhania kuwa pezi la peke yake. Jeraha la samaki mmoja likawa jina la ukoo mzima, na mpaka leo halijafutika.

Kisa hicho nakitaja kwa makusudi. Kamati yetu ilifanya kosa la namna hiyo hiyo. Ilikiweka kitu mezani, kikiwa kikavu na kimetulia, ikakitazama ikaona kinafanana na dagaa ila si dagaa, ikaandika: bandia. Jina lilitolewa kabla kitu hakijatiwa majini, na majini ndiko kinakofanya kazi.

Tulitazame neno bandia. Wazee wetu walisema mtoto wa bandia, yule wa matambara ambaye wasichana humbeba na kumbembeleza, na hapo neno halikuwa na ubaya wowote. Meno bandia nayo hayana ubaya, humsaidia mwenye kuyavaa. Lakini lugha haikusimama hapo. Noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia, mbolea bandia: leo neno limehamia upande wa polisi na mahakama. Linahukumu kabla ya kueleza. Tena linataka kuwe na asili iliyoigwa, na hapo ndipo linapokwama kabisa, kwa sababu vifaa vingi vya aina hii havijaiga kitu chochote. Kipo kijisahani cha bati kinachozunguka na kumetameta. Ni bandia ya nini? Hakuna mdudu wa bati katika ziwa lolote duniani.

Na chambo je? Chambo ni ki- iliyokutana na irabu ikawa ch-, kama chakula na chombo, na wingi wake ni vyambo. Ni mnyoo, ni kipande cha ngisi, ni dagaa aliyetungwa kwenye ndoana. Chambo huliwa. Kina harufu, kina damu, na kinafanya kazi hata mvuvi akilala usingizi ndani ya mtumbwi. Tusikichanganye na yule samaki chambo wa Ziwa Nyasa, ambaye ni jamaa ya perege na anayefahamika sana Malawi; hilo ni neno jingine lenye sura hiyo hiyo. Chambo cha kwetu kinavutia kwa sababu ni chakula. Hiki ninachokizungumzia hakina ladha wala harufu, na mvuvi akilala, nacho kinakuwa takataka iliyozama.

Hata Waingereza hawakukiita chakula cha uongo. Neno lao walilichukua kwa Wafaransa, kutoka kwa wafugaji wa kozi. Lilikuwa jina la kishada cha manyoya kilichofungwa kwenye kamba, ambacho mfugaji alikizungusha hewani ili kozi wake akione na kumrudia. Kiini chake ni kule kuzungushwa. Manyoya yale yakilala chini, kozi hana habari nayo. Kwa hiyo tangu mwanzo jina lilishika mwendo, na mwendo ndio ambao kamati yetu iliuacha nje.

Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, aliuona mwendo huo. Mwaka 1936 alichonga kisamaki cha gome laini, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa, kwa kuwa rangi ya kuzuia maji hakuwa nayo. Katika kuvua kwake alikuwa ameona kwamba samaki mlaji hupita katikati ya kundi zima na kumshambulia yule mmoja anayeyumba. Kazi yake yote ilikuwa kukifanya kisamaki kile kiyumbe.

Mimi niliuona Naivasha, asubuhi ya tatu ya mafunzo yangu. Tulitoka saa kumi na mbili, kabla upepo wa mchana haujaamka. Kijana mwenye mashua alizima injini mita kama ishirini kutoka kwenye mafunjo, mbali na viboko, akanifungia mnyoo wa plastiki wenye rangi ya kahawia iliyoiva. Mnyoo wa aina hiyo ulianza kutengenezwa na Nick Creme wa Akron, Ohio, mwaka 1949. Nikatupa, nikazungusha rili, nikavuta sawasawa kama nilivyokuwa nimevuta siku mbili zilizopita bila kupata hata mguso. Kijana akaniinamia, akanishika kifundo cha mkono.

"Mwalimu, usivute kama unateka maji. Mchokoze. Kidogo tu, halafu mwache. Ngoja. Mchokoze tena."

Akaukunja mkono wangu juu, upana wa vidole vinne, akaushusha. Mshipi ulilegea, ukalala juu ya maji. Tukahesabu mpaka tano. Akaukunja tena. Mara ya tatu mshipi ulianza kwenda kando, taratibu, bila kishindo, kama uzi unaovutwa na mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. "Sasa," akasema, nami nikainua.

Alikuwa besi wa kadiri ya kilo moja, mgongo wa kijani, mdomo unaopita nyuma ya jicho. Kijana alimpasua pale pale ukingoni mwa mashua ili nione. Tumboni mlikuwa na kamba wawili wekundu, wa jamii ile ya Louisiana iliyoletwa Naivasha mwaka 1970, na mmoja wao alikuwa mzima kabisa, hata magando hayajaanza kulainika. Samaki yule alikuwa ameshiba. Alikuwa ametoka kula muda mfupi uliopita, na bado aliukamata mnyoo wa plastiki usio na harufu wala ladha.

Hapo ndipo chambo, kiwe halisi au bandia, kinapokosa la kueleza. Besi hupiga akiwa na njaa, ni kweli, lakini hupiga pia kwa kuwa amesumbuliwa. Dume huchimba kiota, hulinda mayai na kisha makinda, na kila kinachosogea karibu hukishambulia bila nia ya kukila. Anakiondoa. Anakasirika. Kile kitu kilichofungwa kwenye mshipi wangu kimemwendea nyumbani kwake na kumchokoza.

Kwa hiyo nasema: kichokozi, wingi vichokozi. Nimekichukua kitenzi kinywani mwa kijana yule. Nilichoongeza mimi ni viambishi tu.

Tuuchambue ukoo wake, maana ni ukoo tajiri. Chanzo ni chokoa, kudungadunga kwa kitu chenye ncha: mtu huchokoa meno kwa kijiti, huchokoa uchafu kwenye ufa. Kutoka hapo tuna chokonoa, kuchimbua hata yaliyofichwa. Tuna chokora, kupekuapekua, na Wakenya wote wanajua jinsi kitenzi hicho kilivyogeuka kuwa jina la watoto wanaopekua majaa, jina ambalo natamani tuliache. Na tuna chokoza. Ile -oa imekuwa -oza kwa kanuni ile ile inayotupa toza kutoka kwa toa na poza kutoka kwa poa. Chokoa huishia kwenye ncha ya kijiti. Chokoza huingia ndani ya yule anayeguswa na kumwamsha. Watoto wakitia ufito kwenye mzinga wa nyuki, ufito unachokoa na nyuki wanachokozwa. Pana mguso mdogo, pana kuacha, pana kurudia, na mwishoni pana hasira. Sijui maelezo mengine mafupi kuliko hayo ya kile mkono wangu ulichofundishwa ndani ya mashua.

Tukishapata chokoza, ki- na -i zinafuata kwa njia iliyokwisha kusafishwa na wengine: ongoza ikatupa kiongozi, kokotoa ikatupa kikokotozi. Hili la mwisho lina pacha wake, kikokotoo, na wastaafu wenzangu wa Tanzania wanalijua kuliko wanahisabati. Mwaka 2018 kanuni mpya za mafao ya kustaafu zilipotaka malipo ya mkupuo yashuke hadi asilimia 25, neno kikokotoo, yaani hesabu ya kukokotolea mafao hayo, lilitoka vitabuni likaingia kila kibaraza, na mwezi Desemba mwaka huo kanuni zenyewe zikasitishwa. Hakuna aliyelalamika kwamba neno ni gumu. Neno linaloshika jambo lenyewe watu hulibeba wenyewe.

Nilipeleka pendekezo langu kwa barua yenye kurasa tatu. Sikujibiwa. Nilipeleka tena baada ya miezi miwili, na safari hii nilijibiwa kwa mdomo, katika semina, mbele ya watu, na mtu ambaye nilisahihisha mswada wake wa kwanza. Alisema kichokozi ni neno la ugomvi, lisilofaa katika kamusi ya michezo. Akapendekeza kihadaa. Nimelichunguza pendekezo lake kwa uadilifu ambao yeye hakunipa. Hadaa ni Kiarabu, khadaʿa, kudanganya, na kwa umbo halina kasoro. Kasoro yake ni kwamba linamtazama mvuvi peke yake, na nia yake iliyomo moyoni. Halisemi lolote kuhusu mkono, wala kuhusu maji, wala kuhusu samaki. Tena chambo nacho huhadaa, mtego huhadaa, dema huhadaa. Jina linaloenea vyombo vyote vya uvuvi haliwezi kukitambulisha kimoja.

Pingamizi la pili lilikuwa kwamba kichokozi tayari ni kielezi, kwamba tunasema alimjibu kichokozi. Ndiyo, tunasema. Na Kiswahili chenyewe ni jina la lugha, nacho ni namna: watu huvaa Kiswahili na kupika Kiswahili, na hakuna aliyewahi kupotea. Sentensi huamua. Anayesema "nipe kichokozi" hawezi kueleweka vibaya na yeyote aliyeketi ndani ya mashua.

Kuhusu matumizi: kuna kichokozi cha juu, kinachoelea, cha kati, kinachozama kidogo kikivutwa, na cha chini, kama mnyoo wangu. Kichokozi hutupwa, huchezwa, hurudishwa. Kikinasa kwenye mafunjo, hunasuliwa.

Turudi kwenye pingamizi la kwanza. Lile la ugomvi ndilo lililoniuma zaidi, na nitalijibu hapa kwa kuwa pale semina muda wangu ulikatwa. Ni kweli neno lina ugomvi ndani yake. Samaki yule aligombana nami kwa dakika nne nzima, akaruka mara mbili juu ya maji akitikisa kichwa ili aitapike ndoana. Anayetaka neno la upole kwa shughuli hiyo hajawahi kuushika mshipi ukiwa umekaza.

Kisanduku changu cha vifaa nimekiandika kifunikoni kwa kalamu ya wino mzito: VICHOKOZI. Kijana wa mashua alikisoma siku moja tukipakia, hakuuliza kitu. Wiki iliyopita aliniandikia kwenye simu: "Shikamoo mwalimu. Upepo umetulia tangu juzi. Njoo na vichokozi vya rangi ya kamba, vile vya kijani hawavitaki sasa hivi."