Ziwa Lililochorwa kwa Kusikia

Ukipanda treni Southall ukashuka Paddington, kisha ukatembea hadi Kensington Gardens, utakuta mnara wa mawe mekundu uliochongwa jina la Speke, la ziwa Victoria Nyanza na la mto Nile. Tulikwenda kuutazama. Jina tulilolitafuta sisi halipo.

Habari yenyewe inaanzia pwani. Mwaka 1855 wamisionari Erhardt na Rebmann walichora ramani ya nchi ya maziwa bila kuyaona, kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara. Aliyepita kaskazini, aliyepita kati na aliyepita kusini, kila mmoja alisema njia yake inaishia kwenye maji makubwa. Wamisionari wakayaunganisha maji hayo yote yakawa ziwa moja la ajabu, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Royal Geographical Society ya hapa London ikawatuma Burton na Speke wakahakikishe.

Huko Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza kwamba maziwa ni matatu: Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe. Basi watu wa misafara hawakukosea. Aliyekosea ni mwenye kalamu! Tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona la Ukerewe akiwa Mwanza. Mwinuko aliupima kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, maana kadiri unavyopanda juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Lakini aliwaulizaje wenyeji? Alikuwa naye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani. Swali lilitoka kwa Kihindustani, Bombay akaliuliza kwa Kiswahili, na jibu likarudi kwa njia ileile. Sisi wa Southall hatuhitaji kuelezwa kazi hiyo. Bibi zetu huanza sentensi kwa Kipunjabi wakaimaliza kwa Kiswahili cha Nairobi, na wakienda kwa daktari ni sisi tunaotafsiri.

Mwaka 1876 Royal Geographical Society ilimpa Bombay medali ya fedha. Mnara ulikuwa umekwisha kujengwa.

Muhula huu tumewaomba wazee wetu watuchoree Kisumu waliyoiacha, mji ulio kando ya ziwa hilohilo. Wawili tayari wamepishana kuhusu soko lilipokuwa. Karatasi zao hatujaziunganisha.