Namba Zilizogongwa Hartford

Agosti 2021, mjini Los Angeles, kampuni ya mnada ya Bonhams iliuza rivolva moja kuukuu kwa dola 6,030,313. Haikuwa na nakshi wala dhahabu. Ilikuwa Colt Single Action Army, aina iliyotengenezwa kwa mamia ya maelfu, na kwa sura haikuwa na la kumstaajabisha mpita njia. Ila sherifu Pat Garrett ndiye aliyekuwa ameishika usiku wa tarehe 14 Julai 1881, huko Fort Sumner, New Mexico, alipompiga risasi jambazi Billy the Kid.

Garrett hakuinunua dukani. Aliitwaa Desemba 1880 kutoka kwa Billy Wilson, mmoja wa genge la Billy the Kid, baada ya kundi hilo kuzingirwa Stinking Springs na kusalimu amri. Miaka mingi baadaye ikaangukia mikononi mwa mwenye baa mmoja wa El Paso. Huyo alipofariki, mjane wa Garrett akaenda mahakamani kuidai, akapewa haki yake. Kesi iliyomsumbua mama yule ndiyo inayowafurahisha wanunuzi wa leo, maana iliacha karatasi. Chuma hakisemi kilimuua nani. Ukiziondoa karatasi, bastola ileile ingeuzwa kwa maelfu machache ya dola, na dalali mkweli angeona haya kuomba zaidi.

Anayekusanya rivolva kongwe hununua mapatano ya mashahidi watatu: chuma, namba na karatasi. Mmoja akisema tofauti na wenzake, bei huporomoka. Tatizo ni kwamba mashahidi hawa hufundishika kusema uongo, na wanaowafundisha wamekuwapo tangu bastola hizi zianze kuitwa za kale.

Samuel Colt, mzaliwa wa Hartford, Connecticut, alipata hataza yake ya Marekani mwaka 1836. Kiwanda chake cha kwanza, cha Paterson, New Jersey, kilifilisika mwaka 1842. Kilichomfufua ni vita vya Marekani na Mexico. Kapteni Samuel Walker alitaka bastola nzito ya wapanda farasi, na mwaka 1847 zikatoka 1,000 za jeshi na nyingine 100 za raia. Colt hakuwa na kiwanda wakati huo, hivyo zikatengenezwa Whitneyville, kwa Eli Whitney mdogo. Bastola hiyo, iliyoitwa Walker, ina uzito wa kilo mbili hivi, na hushindiliwa kama gobore: baruti na risasi katika kila tundu la silinda, kisha fataki kwa nyuma. Askari walizidisha baruti, silinda nyingi zikapasuka, na hiyo ni sababu mojawapo ya uhaba wake leo. Moja ya zile 100 za raia, iliyokuwa mali ya nahodha wa meli wa Denmark na bado imo ndani ya sanduku lake, iliuzwa mwaka 2018 kwa dola 1,840,000.

Colt ya mwaka 1851, iliyoitwa Navy, ina kitu ambacho wathamini hukikimbilia kabla ya kingine chochote. Silinda yake imechorwa meli za Texas zikipigana na za Mexico, mapigano ya mwaka 1843. Mchoraji, W. L. Ormsby, alikuwa fundi wa kuchora noti za benki, mtu aliyejua vizuri hila za waghushi. Mchoro ule ni wa juujuu sana. Kila bastola ilipoingizwa na kutolewa kwenye ala ya ngozi, meli zilisuguliwa kidogo. Kwa hiyo matanga yakiwa bado yanaonekana, bastola haikufanya kazi kubwa. Yakiwa yamefutika huku rangi ya mtutu ikimeremeta, kuna mtu ameipaka rangi upya. Na mchoro ukiwa wa kina kirefu, kama uliochimbwa kwa patasi, ni afadhali mnunuzi arudishe pochi mfukoni.

Namba za mfululizo zina mambo zaidi. Colt aligonga namba moja kwenye vipande kadhaa vya bastola moja: fremu, kilinda kifyatulio, ukanda wa nyuma wa mpini, na kwenye nyingi za zamani hata mtutu na silinda. Swali la kwanza la kila mkusanyaji ni kama namba hizo zinalingana. Waghushi wanalijua swali hilo, hivyo huisugua namba isiyofaa kwa tupa na kugonga nyingine. Lakini ukigonga chuma, kingo za tarakimu huinuka. Kiwandani kingo hizo zililainishwa kabla ya bastola kutiwa rangi. Namba iliyogongwa baadaye huacha kingo zinazokwaruza kidole, au bonde dogo pale chuma kilipoliwa. Mthamini mzoefu hufunga macho na kupitisha ukucha.

Kuna pia tarehe za hataza zilizogongwa ubavuni mwa fremu ya Single Action Army, bastola iliyoingia jeshini mwaka 1873. Za mwanzo zina tarehe mbili, moja ya mwaka 1871 na nyingine ya 1872. Ya tatu, ya Januari 1875, iliongezwa baadaye. Ukiuziwa Colt ya mwaka 1874 yenye tarehe zote tatu, umeuziwa hadithi. Vilevile hadi karibu mwaka 1896 ekseli ya silinda ilishikiliwa na skrubu mbele ya fremu. Baada ya hapo ikaja kufuli ya springi inayobonyezwa pembeni. Sinema nyingi za makauboi zimekosea jambo hilo, na hakuna aliyekufa. Kwenye mnada kosa hilohilo hugharimu maelfu.

Sinema zenyewe zina lawama zake. Kampuni ya Colt iliacha kutengeneza Single Action Army mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, ikidhani soko limekwisha. Televisheni ya miaka ya 1950 ikajaa makauboi, kila kijana wa Marekani akaitaka bastola ile, na mwaka 1956 kiwanda kikaanza tena. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo mafundi wa Italia, wa eneo la Gardone Val Trompia karibu na Brescia, wakaanza kutengeneza nakala za Colt za fataki kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 100 ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Nakala hizo hazikuwa ulaghai, kwa kuwa zina mihuri ya ukaguzi ya Italia. Ulaghai huanza pale mtu anapoisugua mihuri hiyo na kuichovya bastola kwenye tindikali ili izeeke kwa usiku mmoja. Kutu ya kweli huchagua mahali: hula palipokaa jasho la mkono na unyevu wa ala, ikaacha sehemu zilizofichwa. Kutu ya tindikali hula kila mahali, hata chini ya mbao za mpini ambako hewa haikuingia.

Hapo ndipo vitabu viliposaidia, ingawa vilisaidia pande zote mbili. Charles Edward Chapel alitoa mwongozo wake wa bei mwaka 1940. Mwaka 1976 Graham, Kopec na Moore walichapisha utafiti wao wa Single Action Army, na mwaka uliofuata Norm Flayderman akatoa mwongozo wa silaha za kale za Marekani ambao madalali wengi hadi leo huushika kama msahafu. Kila alama iliyoelezwa humo ili mnunuzi asidanganywe, mghushi naye aliisoma. Mfano ni herufi za Orville W. Ainsworth, mkaguzi wa jeshi aliyepitisha bastola za mwanzo za wapanda farasi, zikiwemo za kikosi cha 7, ambacho sehemu yake iliangamia pamoja na kamanda Custer katika mapigano ya Little Bighorn, Juni 1876. Ilipojulikana kwamba alama ya Ainsworth inapandisha bei, alama zikaanza kuota kwenye bastola ambazo hajawahi kuziona.

Kiwanda cha Colt huwapa wamiliki barua kutoka kwenye madaftari yake ya kale: bastola yenye namba fulani ilitoka lini, ikiwa na mtutu wa urefu gani, rangi gani, na kupelekwa kwa nani. Madaftari ya enzi ya fataki hayajakamilika. Hata barua iliyo kamili ina udhaifu ambao wanunuzi wapya huusahau: inaeleza kilichotoka kiwandani, haielezi kilichopo mezani.

Kisha kuna bastola ambazo kulingana kwa namba ndiko kunakozitia shaka. Mwaka 1892 jeshi la Marekani liliiacha Single Action Army na kuchukua rivolva nyepesi ya risasi za .38. Zile za zamani zikarudishwa, zikafumuliwa, mitutu ikakatwa kutoka sentimita 19 hadi 14, na vipande vikaunganishwa bila kujali namba, fremu ya huyu na silinda ya yule. Zilipelekwa vitani Ufilipino, ambako askari walilalamika kwamba .38 haimwangushi adui. Wakusanyaji huziita Artillery. Artillery yenye namba mchanganyiko ndiyo halali, kwa kuwa hivyo ndivyo serikali ilivyoitoa. Kuna waliodhani wanaitendea mema kwa kuifunga mtutu mrefu na kuilinganisha namba. Waliharibu kitu cha kweli kilichopitia vita ili wapate cha uongo kinachopendeza.

Tamaa hiyo ya kupendeza ndiyo adui mkubwa kuliko mghushi. Katika viwango vya silaha za kale vya NRA, chama cha bunduki cha Marekani, bastola yenye zaidi ya asilimia 80 ya rangi yake ya asili tayari ni bora kabisa, na yenye asilimia 30 bado ni nzuri. Weusi wa uzee una bei. Mng'aro wa msasa hauna. Fremu za Colt zilichomwa pamoja na makaa ya mifupa kisha zikatumbukizwa majini, zikatoka na mawingu ya buluu, kahawia na kijivu. Mawingu hayo hufifia kwa mwanga na mkono, yakabaki makali kwenye pembe zilizofichika. Fremu yenye mawingu makali kila mahali imepita kwa fundi juzi.

Mpini nao una historia inayofika pwani yetu. Matajiri waliagiza Colt zenye mpini wa pembe za ndovu, na Connecticut haikuwa na shida ya pembe: katika mji wa Deep River na kijiji cha Ivoryton, chini ya Hartford kwenye bonde la mto unaopita mji huo, vilikuwako viwanda vikubwa vya vibao vya piano, vilivyoletewa shehena kutoka Zanzibar. Wapagazi walizibeba kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo. Pembe kongwe hugeuka manjano bila usawa na hupata nyufa nyembamba. Bandia huchovywa kwenye chai, ikawa na rangi moja tu. Tangu Marekani ilipobana biashara ya pembe za ndovu za Afrika mwaka 2016, anayeuza mpini kama huo huegemea nafuu ya vitu vya kale, na hubidi athibitishe kwamba una zaidi ya miaka 100. Cheti cha umri wa pembe kimekuwa muhimu karibu sawa na barua ya bastola.

Nje ya Colt, Waingereza walikuwa na rivolva ya Webley ya Birmingham. Mark VI yake ya .455, ya mwaka 1915, ilikuwa kiunoni mwa maofisa wao waliomfukuza kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyingi ziliuzwa Marekani, ambako risasi za .455 zilikuwa adimu, hivyo wauzaji wakachonga nyuma ya silinda ili zipokee .45 ya kawaida. Risasi hiyo ina nguvu kuliko Webley inavyostahimili, na silinda iliyochongwa hairudi. Isiyoguswa hupata bei ya juu.

Mwisho kabisa, thamani huandikwa na bunge. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inaihesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, hivyo Colt mbili zinazofanana kama pacha, moja ya 1898 na nyingine ya 1899, huuzwa kwa masharti tofauti kabisa. Uingereza hutazama pia aina ya risasi: iliyokwisha kuachwa kutengenezwa humpa mmiliki nafuu ya kuhifadhi bastola kama pambo bila leseni. Polisi walipogundua kwamba wahalifu wanajitengenezea risasi hizo, mwaka 2021 serikali iliondoa aina saba kwenye orodha, zikiwemo .44 Russian ya Smith & Wesson na milimita 10.6 ya rivolva za jeshi la Ujerumani. Wenye bastola hizo walipewa miezi sita kuomba leseni, kuziuza au kuzisalimisha.